Karatasi ya Mtendaji Haimvui Mtu Ubaba

SWALI: Wakili, habari za kazi. Mimi ni fundi wa kuchomelea, naishi Kahama. Nina binti wa miaka sita niliyezaa na mwanamke ambaye hatukuoana. Tuliachana mtoto akiwa na mwaka mmoja, na nimekuwa nikituma hela ninapopata. Sasa mama yake ameposwa, na huyo anayemuoa anataka mtoto awe wake kabisa, atumie jina lake. Wameandaa karatasi tukaisaini kwa mtendaji wa kata Jumatano ijayo: mimi natoa haki zangu zote, wao hawatanidai matunzo. Nina mke na watoto wawili, kiwanja kimoja, na kazi ya kubahatisha. Kusema kweli nafuu naiona. Lakini mama yangu mzazi amenikataza kusaini kabla sijauliza. Nikisaini, kisheria napoteza nini, na napona nini?

JIBU: Kwanza mpe shikamoo mama yako kwa niaba yangu. Amekuokolea mengi.

Picha ya karatasi uliyonitumia nimeisoma mara mbili. Ni ukurasa wa kaunta buku, kalamu ya bluu, mwandiko mzuri wa mtu aliyezoea kuandika mihtasari ya vikao. Ina vipengele vitatu. Cha kwanza kinasema wewe, "baba mzazi wa mtoto tajwa", unaachia kwa hiari yako haki zote juu yake. Cha pili, kwamba mama wa mtoto na mumewe mtarajiwa hawatakudai matunzo "leo, kesho na hata milele". Cha tatu, kwamba utapokea shilingi laki tano za kifuta jasho kwa ulizotumia kumlea. Chini kuna nafasi ya mashahidi wanne na duara la kugongea muhuri.

Ukiisaini hiyo, ubaba wako unabaki pale pale na deni la matunzo linabaki pale pale. Kitakachobadilika ni kimoja tu: utakuwa umemkabidhi mwenzako ushahidi wa maandishi dhidi yako, wenye sahihi yako na muhuri wa serikali.

Nianze na hilo la mwisho, maana ndilo watu hawalioni. Miaka kadhaa iliyopita nilisimama upande wa mama mmoja aliyedai matunzo ya mwanawe. Baba wa mtoto alikuja mahakamani bila wakili, kwapani ana bahasha ya kaki. Ndani ya bahasha mlikuwa na karatasi kama hii yako, ila yeye alishaipeleka kwa wapiga chapa ikatiwa plastiki isichakae. Akampa hakimu kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi hati ya nyumba. Hakimu akaisoma polepole, akaigeuza nyuma, akairudisha mbele, akauliza: "Kwa hiyo unakubali kwamba wewe ndiye baba wa huyu mtoto?" Yule bwana akasema ndiyo, ila aliachia. Hakimu akaandika. Kazi niliyokuwa nimejiandaa kuifanya kwa wiki mbili, ya kuthibitisha ubaba, ilikwisha kwa sentensi moja, na aliyeimaliza ni mdaiwa mwenyewe.

Sheria ya Mtoto, Namba 21 ya mwaka 2009, inataja mambo ambayo mahakama huyatazama inapotafuta nani mzazi: jina lililoandikwa kwenye rejesta ya vizazi, sherehe za kimila alizofanya baba, mtu kukataa kupimwa, na mtu kumkiri mtoto hadharani. Mbele ya mtendaji na mashahidi wanne ni hadharani vya kutosha. Na kama wazee wako walishatoa ng'ombe wa kumkomboa mtoto kwa mila za huko kwenu, hilo nalo linahesabika. Likibaki shaka, mahakama inaweza kuagiza vipimo vya vinasaba, ambavyo hufanywa na Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali kwa utaratibu maalumu, si kwa mtu kujiendea na mate ya mtoto kwenye kopo. Kwako wewe hatutafika huko. Karatasi imeshasema "baba mzazi".

Kwa nini sasa karatasi isifanye kazi, wakati wote mmekubaliana na hakuna aliyelazimishwa? Kwa sababu kitu mnachogawana si chenu. Tumezoea kusema "haki za mzazi" kama vile ni shamba ambalo mtu analima, anakodisha au anauza. Lakini soma Sheria ya Mtoto kuanzia kifungu cha 7 hadi cha 10 uone nani anatajwa kuwa na haki. Ni mtoto. Mtoto ana haki ya kuishi na wazazi wake, ya kupata chakula, malazi, mavazi, matibabu, chanjo, elimu na malezi. Mzazi ametajwa upande wa pili wa meza: ana wajibu. Haki zako juu ya mtoto, kama ya kukaa naye au kumwona, umepewa ili uweze kuutimiza huo wajibu. Sheria yenyewe inakiri kwamba mzazi anaweza kuachia haki na wajibu wake, lakini kwa mujibu wa sheria. Ofisi ya kata si njia hiyo.

Wanasheria wana namna nyingine ya kulisema jambo hilo hilo kwa kutumia Sheria ya Mikataba. Makubaliano ambayo lengo lake ni kuvunja kile ambacho sheria imeamuru, au yanayopingana na maslahi ya umma, ni batili tangu yanapoandikwa. Watu wazima wawili hawawezi kuketi wakakubaliana kwamba mtu wa tatu, mwenye miaka sita, asiyekuwepo na asiyejua kusoma vizuri, hatakula kwa baba yake tena. Na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ililiona hili mapema: inaipa mahakama uwezo wa kubadilisha makubaliano yoyote ya wazazi kuhusu kukaa na mtoto au kumtunza, wakati wowote, hata kama makubaliano yenyewe yameandika kwamba hayabadilishwi. Lile neno "milele" kwenye kipengele cha pili ni wino tu.

Simlaumu mtendaji. Ofisi yake ina wajibu wa kulinda ustawi wa watoto katika eneo lake, na anaweza kuwasuluhisha mkaelewana nani analipa ada na mtoto analala wapi likizo. Anachokosa ni mamlaka ya kumvua mtu uzazi. Muhuri wake unathibitisha kwamba mlifika ofisini siku hiyo mkasaini. Hauthibitishi zaidi ya hapo.

Najua pia hii fikra imetoka wapi. Vijana wengi wameona kwenye video za Marekani baba "anasaini kuachia haki" na maisha yanaendelea. Huko ni kweli zipo amri za kukatisha haki za mzazi, lakini zinatolewa na mahakama za majimbo, na hata huko mahakama kwa kawaida hazimkubalii mtu anayetaka kuachia mtoto ili tu akwepe kulipa. Kwetu hatuna hata huo mlango. Hakuna ombi mahakamani liitwalo "naomba kuacha kuwa baba".

Sasa tuje kwenye matunzo, maana ndiyo nafuu unayoiona.

Kifungu cha 129 cha Sheria ya Ndoa kinamtaka mwanaume kuwatunza watoto wake, wawe wanaishi naye au wanaishi kwa mtu mwingine yeyote. Sheria ya Mtoto inaongezea kwamba anayeweza kwenda kudai si mama peke yake. Mlezi anaweza, ndugu anaweza, afisa ustawi wa jamii anaweza, na mtoto mwenyewe anaweza kupitia mtu wa kumsimamia. Fikiria basi: mama wa mtoto amesaini hatakudai. Bibi yake hakusaini. Afisa ustawi hakusaini. Mtoto hakusaini. Na mama mwenyewe, ndoa ikiingia mchanga miaka mitatu ijayo na yule bwana akafunga mizigo yake, atakwenda ustawi asubuhi hiyo hiyo, na hakuna atakayemrudisha kwa sababu ya kaunta buku. Wale tuliokuwa Dar es Salaam Aprili 2018 tunakumbuka umati uliojaa ofisini kwa mkuu wa mkoa wa wakati huo, Paul Makonda, alipowaita akina mama waliotelekezewa watoto. Tangu hapo sijawahi tena kumwamini mteja anayeniambia "yule hawezi kwenda kokote".

Mahakama ikikaa kupanga kiasi haichomoi namba hewani. Inatazama kipato na mali za wazazi wote wawili, siyo zako tu. Inatazama kama kuna kilichopunguza uwezo wako wa kufanya kazi. Inatazama watoto wengine unaowalea. Inatazama gharama za maisha za mahali mtoto anapoishi. Kwa hiyo hao wawili ulio nao nyumbani na hiyo kazi ya kubahatisha vinaingia kwenye hesabu. Wengi wanaokimbia matunzo wanakimbia namba waliyoibuni wao vichwani. Amri ya matunzo kwa kawaida inakoma mtoto akifika miaka 18, na inaweza kuongezwa akiwa bado anasoma. Kutotimiza wajibu wa kumtunza mtoto kunaweza pia kukupeleka upande wa jinai: faini isiyozidi shilingi milioni tano, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote pamoja.

Kuna jambo jingine ambalo huyo bwana harusi pengine halijui, na akilijua furaha yake itabadilika namna yake. Kwa Sheria ya Ndoa, mwanaume akimkubali mtoto asiye wake kuwa mmoja wa familia yake, anabeba wajibu wa kumtunza kadiri baba na mama wa mtoto wanavyoshindwa. Lakini kile anachotumia kinabaki kuwa deni anaweza kulidai kwa wazazi wa mtoto. Yaani analisha leo, na sheria inamruhusu kukufuata kesho na daftari lake. Sisemi atafanya hivyo. Nasema anaweza, na karatasi yenu haitamzuia siku akikasirika.

Kipengele cha tatu ndicho kilichonifanya nikuandikie mapema badala ya kusubiri zamu ya swali lako. Laki tano. Najua neno "kifuta jasho" limetumika kwa nia njema na pengine wewe hukuomba. Lakini itazame karatasi kwa jicho la mtu asiyewajua: baba anamwachia mtu mwingine mtoto wake, na baba anapokea pesa, vyote katika ukurasa mmoja. Katika maombi ya kuasili, yaani ya kumfanya mtoto wa mwingine kuwa wako kisheria, mahakama inatakiwa ijiridhishe kwamba hakuna aliyepokea wala kuahidiwa malipo. Pesa ikionekana, ombi lenyewe linaweza kufa. Na tuna Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008, ambayo hutaki hata kuanza kumweleza mpelelezi kwa nini haikuhusu. Hata kama huzingatii neno langu jingine lolote, usipokee hizo fedha.

Sasa, njia ipo ya mtoto huyu kuwa wa yule bwana kisheria, na ni moja: kuasili. Hapa ndipo swali lako la "napoteza nini" linapopata jibu zito, kwa sababu kuasili kunakata kweli.

Ombi linapelekwa mahakamani, na mlango wa kawaida ni Mahakama Kuu. Kwa upande wenu ni kanda ya Shinyanga. Wataomba mama na mumewe kwa pamoja, baada ya ndoa, si wakati wa uchumba. Kimsingi mmoja wa waombaji anatakiwa awe amefika miaka 25 na amzidi mtoto kwa miaka 21. Ustawi wa jamii watakwenda nyumbani, watakagua wanapoishi, watauliza majirani, watazungumza na mtoto na kuandika taarifa. Mtoto akiwa na umri wa kuweza kuwa na maoni, husikilizwa. Na nikwambie, wa miaka sita wana maoni. Halafu inatafutwa ridhaa yako. Hiyo ndiyo sahihi yenye uzito, na kabla ya kuipokea mahakama inataka kuhakikisha umeelewa kwamba unapokonywa uzazi moja kwa moja. Jaji anaweza pia kuendelea bila ridhaa yako ikithibitika umemtelekeza mtoto au kumtesa, au hupatikani, au unakatalia bila sababu ya maana. Zile hela ulizokuwa ukituma, hata kidogo kidogo, zinakulinda hapo. Tunza ujumbe wa miamala kwenye simu, usiufute.

Amri ikishatoka, haki zako, wajibu wako na madeni yako yote juu ya mtoto, pamoja na yale ya kimila, yanakoma na kuhamia kwa walioasili. Soma tena hayo maneno "ya kimila". Ni binti. Siku wakija watu wa posa, hawatakuja kwako. Mahari yake si yako wala ya kaka zako. Ukienda kikaoni utakuwa mgeni kama mgeni mwingine, na yule bwana akikukaribisha soda ni kwa hisani yake. Nimeona wazee wa miji yetu wakilia kwa jambo hili kuliko kwa kesi za viwanja, kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba amri ya Jaji inafika mpaka kwenye ng'ombe.

Matunzo yatakoma pia, kweli. Hiyo nafuu unayoitafuta ipo hapa na hapa tu. Lakini inakuja na kufungwa kwa kila kitu kingine: huwezi kudai kumwona, huwezi kupinga akihamishwa mkoa, hutaulizwa kuhusu shule wala upasuaji. Ukizeeka, huyu si mtoto wa kukuuguza kwa wajibu; akija, amekuja kwa mapenzi yake. Na ukijuta baada ya miaka miwili, hakuna fomu ya kurudisha.

Cheti nacho kinabadilika. Amri hupelekwa kwa Msajili Mkuu, mtoto huingizwa kwenye rejesta ya watoto walioasiliwa, na kwenye kumbukumbu yake ya kuzaliwa huwekwa alama ya kuonyesha hivyo. Damu peke yake haiguswi. Marufuku ya kuoana kwa ndugu wa damu inabaki vile vile, kwa hiyo wanao wa ndoa lazima wamjue dada yao, iwe ameasiliwa au la. Msiwafiche. Kahama si mji mkubwa.

Kuhusu mirathi, naona ulikitaja kiwanja kana kwamba unanong'ona, kwa hiyo nikujibu wazi. Ukisaini karatasi ya mtendaji na ukafa kesho, binti anabaki mtoto wako, na kifungu cha 10 cha Sheria ya Mtoto kinakataza mtu yeyote kumnyima mtoto kunufaika kwa kiasi cha haki na mali za mzazi wake. Wanao wa ndoa hawatamfukuza kwenye kikao cha ukoo kwa kuwaonyesha ukurasa wa kaunta buku. Akiasiliwa, anahesabiwa mtoto wa walioasili na anarithi huko, hatarithi tena kwako pale usipoacha wosia. Ukitaka kumwachia kitu, utamwandika kwenye wosia kama unavyoweza kumwandika rafiki.

Hayo ni kwa mirathi inayokwenda kwa sheria za serikali. Kama ninyi ni Waislamu, picha ni tofauti, nami si shehe, kwa hiyo nitasema yale tunayokutana nayo mahakamani. Katika Uislamu nasaba haihamishwi. Mtoto anaweza kulelewa na mtu mwingine kwa wema wote, ila hageuzwi kuwa mtoto wake wa damu, haitwi kwa ubini wa mlezi, na hamrithi kama mtoto. Anaweza kuachiwa wasia usiozidi theluthi moja ya mali. Mtoto wa nje ya ndoa naye hamrithi baba kwa njia ya kawaida, ila wasia huo huo wa theluthi uko wazi kwake. Zanzibar wana sheria yao ya watoto ya mwaka 2011, ambayo inatambua malezi ya kafala kwa msingi huo, na Sheria ya Mtoto ya 2009 ninayoinukuu hapa ni ya Tanzania Bara. Kwa hiyo huyo bwana kama ni Mwislamu na anataka mtoto "awe wake kabisa", aanze kwa kumuuliza shehe wake kabla hajamlipa wakili.

Jina ni jambo la haraka zaidi na watu huligombania kuliko linavyostahili. Kumwita mtoto kwa ubini wa baba wa kambo shuleni hakumfanyi kuwa mtoto wake, na kubadili jina hakufuti jina la baba kwenye rejesta ya vizazi ya RITA. Ila sikushauri ukubali mtoto awe na jina moja kwenye cheti na jingine kwenye fomu za shule. Mateso yake utayaona akifika mtihani wa kumaliza shule ya msingi, na tena akienda kuomba kitambulisho cha NIDA, ambapo kila herufi inatakiwa ifanane na mwenzake.

Nikirudi kwenye hali yako, nadhani unachotafuta si kuacha kuwa baba. Soma tena barua yako: ulisema nafuu, ukasema kazi ya kubahatisha. Unatafuta namba unayoiweza na amani na ndoa ya yule mama. Hivyo viwili vinapatikana bila kuachia chochote. Mnaweza kukubaliana mtoto akae kwa mama na mumewe, na mkalipeleka mahakamani likawa amri. Mnaweza kukubaliana unatoa nini kila mwezi, hata iwe sare, daftari na bima ya afya tu, kulingana na kipato chako halisi. Mnaweza kuandika unamwona lini. Sheria inampa mzazi asiyekaa na mtoto nafasi ya kuomba kumwona kwa vipindi. Yule bwana anaweza kumlea, kumsomesha na kuitwa baba nyumbani kwake, na hakuna kati ya hayo kinachohitaji wewe ufutwe. Kipato kikishuka, unaomba amri irekebishwe. Na kama baada ya ndoa, wakishaishi pamoja na mtoto akamzoea, bado nyote mnaona kuasili ndiko kunamfaa, mtakwenda Shinyanga mkiwa mnajua mnachokifanya, wewe ukiwa na wakili wako, si wa kwao.

Jumatano nenda. Usipokwenda itasemwa umekimbia, na neno hilo litakuja kuandikwa mahali. Mwambie mtendaji kwa heshima kwamba umepata ushauri na husaini hiyo karatasi, ila uko tayari muandike nyingine. Omba afisa ustawi wa jamii wa kata au wa manispaa awepo. Huduma yake hailipiwi. Karatasi mpya iseme mambo matatu: mtoto anaishi na mama yake, wewe unatoa kiasi fulani kila tarehe fulani kwa namba fulani ya simu, na unamwona wikendi fulani au likizo fulani. Kifuta jasho kisitajwe kabisa, wala kisipite chini ya meza. Piga picha ukurasa wote pamoja na muhuri kabla hujaondoka ofisini, na hela ya mwezi wa kwanza uitume siku hiyo hiyo ukiwa bado umesimama nje pale, ujumbe wa muamala ubaki kwenye simu yako na kwenye yake.